Wajukuu wa Kwenye Chupa

Nyumba ni yangu. Naanza na hilo kwa sababu mwaka huu, mwezi wa sita na wa saba, hakuna mtu aliyelikumbuka. Iko Kwamndolwa, hapahapa Korogwe mjini, uani kuna mpapai, barazani ndipo ninaposhonea. Nina cherehani yangu, nina wateja wangu, sina makuu na mtu. Kisha akaja dada yangu Hosiana na maji machafu.

Mwenyewe ananirekebisha kila siku: "Siyo maji machafu, Yuditha, ni mwani." Haya, mwani. Ni ule ukijani unaoota kwenye pipa lililosahaulika nje, ambao mtu mwenye akili zake anausugua kwa mchanga na kuumwaga. Dada yangu anausomea shahada ya pili.

Aliutoa kwenye lambo la kijiji cha shangazi yetu, huko Handeni, ambako ng'ombe na watu wanakunywa maji mamoja. Amekulia huko. Sisi kwetu ni Bungu, milimani, kwenye baridi na migomba, ila Hosiana alipelekwa Handeni akiwa darasa la pili, mwaka ambao baba alikuwa ameshafariki na mahindi yakakauka shambani. Alirudi akiwa msichana mkubwa anayejua kuchuja maji ya kijani kwa kanga. Mimi nilibaki na mama kwa kuwa nilikuwa bado nanyonya. Jambo hilo kwetu halizungumzwi. Lipo tu, na kila mtu analizunguka akipita.

Sasa Hosiana ni mtu mzima, ameajiriwa kituo cha kuzalisha vifaranga wa samaki, na ile nafasi ya masomo aliihangaikia miaka na miaka. Alipoipata, mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani mmoja wetu amepata mchumba. Wangejua ni mwani.

Kazi yenyewe nitaieleza kama alivyonieleza yeye, huku napinda suruali ya mtu na sina hata nia ya kusikiliza. Mwani unakula hewa ya ukaa, ile tunayoitoa sisi tukipumua. Hewa hiyo ikiwa tele majini, mwani unakula umekaa kitako, hauna shida. Ikipungua, basi ndani ya kila chembe kuna jeni zilizokuwa zimelala, zinaamka. Nyingine zinatengeneza milango ya kuvutia ndani ule ukaa kidogo ulioyeyuka majini, nyingine zinatengeneza vimeng'enya vya kuugeuzageuza, mpaka hicho kidogo kinakusanywa mahali pamoja ndani ya chembe na hakipotei. Hewa ikirudi tele, zinalala tena.

"Na ipo jeni moja ni mkubwa wao," akasema. "Hiyo hailali. Hewa ikiwa nyingi inakaa kimya, hewa ikipungua ndiyo inaziamsha nyingine."

"Huyo atakuwa mama," nikamwambia, na kwa mara ya kwanza wiki ile tukacheka.

Alichotaka kuonyesha ni kwamba mwani wa lile lambo, ambao wakati wa kiangazi unajaa mpaka unajimalizia wenyewe ukaa wote kabla ya saa sita mchana, unaziamsha jeni zake upesi mno. Ilibidi aushibishe kwanza, kisha aunyime. Baada ya hapo anachota sampuli, anazitia kwenye dawa inayouua mwani ukiwa vilevile ulivyo, aliyeamka ameamka, aliyelala amelala. Sampuli zinafungwa kwenye boksi la barafu, zinapanda basi kwenda chuoni kwa msimamizi wake, Daktari Twaha, na huko mashine inasoma.

Sasa utaniuliza, yote hayo nyumbani kwangu yanatafuta nini? Kituo chao kilikuwa kinaezekwa upya, vumbi na misumari kila mahali, na daktari akamruhusu aoteshe popote penye umeme na usafi. Dada yangu akapafikiria kwangu. Hakuuliza, alifikiria. Chumba changu cha wageni kikajaa chupa na taa nyeupe. Kuushibisha mwani alitumia hamira na sukari kwenye dumu, povu likitoka na mpira mwembamba ukipeleka hiyo hewa kwenye chupa. Hamira yangu! Sukari yangu! Kuunyima alichomoa ule mpira wa hamira na kuacha hewa ya kawaida tu, inayosukumwa na kipampu kidogo cha matangi ya samaki wa mapambo. Kipampu hicho kilinguruma mchana kutwa mpaka sindano zikawa zinanichoma. Nikasema basi, hicho kitoke nje. Akakiweka uani, juu ya tofali chini ya dirisha, mpira ukapenya kwenye wavu kuingia ndani.

Mama alikuwepo. Alishuka kutoka Bungu kutibiwa magoti, na magoti yalipopoa hakuondoka. Kila asubuhi anafungua mlango wa kile chumba, anazitazama zile chupa zinavyotoa mapovu, halafu anauliza: "Wameamkaje wajukuu wangu?"

"Mama, hao ni mwani."

"Si ndiyo nauliza."

Ilikuwa utani mwanzoni, ikawa kweli. Akawa anawaombea kabla ya kunywa chai. Mimi, mwanawe wa kuzaa, nilikuwa na mafua wiki nzima, sikuombewa.

Jaribio la kwanza likatoka bure. Daktari Twaha alipiga simu akasema jeni zote zimelala fofofo, kama vile mwani haukunyimwa kitu. Hosiana akasafisha chupa zote, akachemsha mipira, akanunua pampu nyingine dukani kwa Sadru. Akarudia. Majibu yakarudi yaleyale. Mwani umeshiba, jeni zimelala. Safari hii daktari hakuwa mpole. Alimwambia ama mwani wake hauna uwezo anaodai, ama yeye mwenyewe hajui kazi, na chuo hakitamsubiri: kama mwezi wa saba unaisha bila matokeo, jina lake linaondolewa na nafasi inakwenda kwa mwingine.

Nilimkuta ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, anaziangalia zile chupa. Hakuwa analia. Hosiana halii, hajawahi kulia mbele yangu. Alisema tu, "Labda nilijidanganya, mdogo wangu. Labda hazipo." Moyo uliniuma, na nikiumwa moyo huwa nagomba, basi nikagomba. Nikamwambia umemaliza hamira yangu yote halafu leo unaniambia labda hazipo? Rudia!

Akarudia. Akaushibisha mwani upya, na ilipofika siku yenyewe, asubuhi, akachomoa hamira, akajifungia ndani na chupa zake. Nikabaki barazani nashona sare za shule. Pasi yangu ni ya mkaa, ikapoa, nikazunguka uani kutafuta makaa ya moto jikoni kwa mama.

Jikoni hakuna mtu. Hakuna na jiko lenyewe.

Nikageuka. Mama yangu mzazi yuko chini ya dirisha, ameinama, magoti yake hayo mabovu, jiko langu la mkaa ameliegesha kwenye tofali kandokando ya kile kipampu. Makaa yamekolea, mekundu, hayana moshi hata kidogo. Anayapepea kwa mfuniko wa sufuria, taratibu, kwa adabu zote, hewa yote inaelekea kwenye tundu la pampu.

"Mama! Unafanya nini?"

"Shh! Nawapasha moto wajukuu."

Jamani. Jamani! Mimi sikusoma sana, lakini hilo somo nililisikia kila siku juu ya suruali za watu mpaka likaniingia. Mkaa unapowaka unatoa nini? Ukaa! Ileile hewa dada yangu aliyoamka alfajiri kuichomoa, mama alikuwa anairudisha kwa mlango wa nyuma, tena kwa kuipepea. Nilipiga ukelele, Hosiana akatoka mbio na kijiti mkononi, akadhani nyoka.

Akaliona jiko. Akaiona pampu. Akamwangalia mama. Akauliza kwa sauti ya chini sana: "Mama, na zile mara mbili?"

"Hata zile," mama akajibu, bila wasiwasi wowote. "Ulipojifungia tu nikaleta moto. Nikisikia kitasa, nauondoa, maana nakujua ungeleta ubishi. Kwani ajabu nini? Kwetu Bungu mzazi anawekewa moto, na mtoto mchanga hakutwi na baridi. Nyie mmewaacha wachanga na hewa ya mwezi wa saba inawaingia moja kwa moja kwenye maji! Ndiyo maana hawaamki, wanakakamaa."

Hosiana akakaa chini, palepale kwenye vumbi, na koti lake jeupe.

Mimi sikukaa. Mimi nilisema. Nilisema yote, ya hamira, ya sukari, ya pampu, ya daktari, ya nafasi inayopotea, na wapangaji wa jirani wakatoka kusikiliza bila hata kujificha. Nikamwambia mama, mchelea mwana kulia hulia yeye, na sasa tutalia sote, maana ulimsikia kabisa mwanao akisema anataka kuwanyima, kusudi, ndiyo kazi yenyewe, halafu wewe unawalisha kwa siri!

"Shukrani ya punda ni mateke," mama akasema. "Nilimsikia. Nilisikia anasema atawanyima. Ndiyo nikaleta moto. Mimi nimeshamnyima mtoto, Yuditha. Nilimnyima, nikampandisha gari pale stendi aende kwa watu. Sirudii, hata kama ni maji ya chupa."

Hata wale wapangaji wakarudi ndani, kwa haya. Pampu peke yake ikaendelea kunguruma. Nilitamani ardhi inimeze, kwa sababu mimi ndiye niliyebaki nyumbani nikinyonya, na mimi ndiye niliyekuwa napiga kelele.

Hosiana akasema kutoka pale chini, "Hawafi, mama. Wakinyimwa hewa hii hawafi. Wanaamka."

Mama akainuka. Aliliacha jiko, akaingia ndani, akafunga mlango. Hosiana akausogeza moto mbali, akarudisha mpira wa hamira ili mwani ushibe tena, jaribio lianze upya kesho yake. Siku zenyewe zilikuwa zimebaki za kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Nilikwenda kulala nikijua kwamba asubuhi nitamkuta mama na kikapu chake, anadai gari la Bungu.

Asubuhi nilimkuta kweli amesimama, amejifunga kanga mbili, lakini hana kikapu. Jiko langu limelowa maji. Mkaa wote, gunia zima, ameubeba kwa mikono yake mpaka barazani na kuufunika kwa turubai.

"Leo hapa hapawashwi kitu," akatangaza.

"Na chai?"

"Utakufa ukikosa chai? Wenzako wananyimwa hewa."

Mungu wangu, siku ile! Tulikula mkate mkavu na papai. Pasi sikupasha, sare za watoto wa watu zikabaki na mikunjo. Jirani yetu Munira anakaanga maandazi kila asubuhi nyuma ya uzio wetu, kwa upande wa pampu kabisa. Nilimwona mama anavuta miguu kwenda kwake, nikafuata ili nikaombe radhi mapema.

"Munira mwanangu," mama akasema, "naomba jiko lako ulihamishe, likae upande wa barabarani."

"Shikamoo mama. Kwani moshi unawakera?"

"Marahaba. Siyo moshi. Moto wako unawashibisha wajukuu zangu, na leo wanatakiwa wasile."

Munira akanitazama mimi. Nikamwambia, "Usiulize, dada, hamisha tu, nitakushonea gauni." Akahamisha, na karai lake la mafuta ya moto, huku anamuomba Mungu atuponye.

Halafu ikaja ya kufunga kazi. Mama alikumbuka kuwa hata sisi tukipumua tunatoa ukaa. Akapiga marufuku mtu kupita chini ya dirisha. Mteja aliyekuja kuchukua nguo yake akazungushwa nyumba nzima. Yeye mwenyewe alichukua kigoda, akaenda kukaa kule kwenye mpapai, mwisho wa uwanja, ameipa pampu mgongo, na upindo wa kanga ameuzibia mdomo. Mtu yuko upande mwingine wa uwanja, kwenye upepo, anabana pumzi kwa ajili ya kichupa! Nilimpelekea maji nikiwa nimekasirika kabisa.

"Mama, ukipumua huku huwezi kuwafikia. Toa hiyo kanga, utazimia."

Hakuitoa. Akaniuliza kutoka chini ya kanga: "Wanalia?"

"Mwani haulii, mama."

"Hata yeye hakulia," akasema. "Nilimpandisha gari, nikamfungia nguo zake kwenye kanga, gari likaondoka, nikasubiri nisikie analia ili nilisimamishe. Hakulia."

Niliweka kikombe cha maji kando. Nikaketi chini kando yake, nikaipa pampu mgongo, na mimi nikaziba mdomo. Tulikaa hivyo mpaka Hosiana alipotoka na boksi la barafu, akatukuta, wanawake wawili wazima tumejifunika vinywa chini ya mpapai. Kisha akakimbilia basi.

Mama akadhani imekwisha, akaomba awarudishie moto wake. Hosiana aliporudi kutoka stendi akamkatalia. Akasema wasubiri mpaka majibu yatoke, pengine daktari atataka sampuli nyingine. Mama hakubisha. Kila asubuhi alifungua ule mlango, akatazama, hakuuliza wameamkaje, akafunga. Chakula chenyewe alikuwa anakigusagusa tu. Mimi nikaanza kumwogopa Daktari Twaha kuliko malaika wa mauti.

Simu ililia mchana mmoja, sote tuko barazani, mimi nina pini midomoni. Hosiana aliisikiliza akiwa amesimama. Alisema "ndiyo daktari" mara nyingi, akasema "asante," akakata, akaweka simu juu ya cherehani yangu kama yai.

"Sema basi!" nikafoka, na pini zikamwagika.

"Zimeamka," akasema. "Za milango, za vimeng'enya, zote. Upesi kuliko daktari alivyotarajia. Amesema nafasi yangu ipo, niende chuoni mwezi wa tisa."

Nilipiga kelele. Nikamkumbatia, nikakanyaga pini, nikatukana, nikamkumbatia tena. Mama peke yake hakunyanyuka. Alikuwa anaangalia mikono yake.

"Na ukiwarudishia hewa yao," akauliza, "zinalala tena?"

"Zinalala, mama."

"Zinasahau?"

Hosiana akageuka. Aliingia ndani, na mimi nikaanza kukasirika, nikidhani amemdharau. Kumbe amekwenda jikoni. Alitoka na jiko langu, akaenda kwenye gunia, akachota mkaa, akawasha, akakaa akipuliza mwenyewe mpaka makaa yakakolea na moshi ukaisha. Akalibeba hadi uani, akaliegesha kwenye tofali, kandokando ya pampu. Akaweka kigoda. Akarudi kumshika mama mkono, akamwongoza hatua kwa hatua na magoti yake, akamketisha, akampa mfuniko wa sufuria.

"Haya mama. Wapepee wajukuu wako."

Mama akaanza kupepea. Taratibu, kwa adabu zote. Kupitia wavu wa dirisha tuliyasikia mapovu yanapanda kwenye chupa.

"Ningekuwa na kitu mwaka ule," mama akasema bila kuinua macho, "nisingekupeleka."

"Najua, mama. Pepea."

Mama akapepea. Hosiana akachuchumaa pembeni yake, akaegemeza kichwa kwenye lile goti bovu, na dada yangu ambaye hajawahi kulia akalia, kwa sauti, kama mtoto wa darasa la pili. Nilisogea na mimi, si ni mama yangu pia? Wakaniambia nisubiri kwanza, nawazibia hewa. Kwenye uwanja wangu mwenyewe!